Kilichotoka ni cha Fundi

Watu wa Isevya wakianza kumsifu Fundi, mimi hunyamaza. Wengi hudhani ni haya yangu ya siku zote, maana tangu utotoni nimejulikana kwa kutosema. Waache wadhani hivyo. Kimya cha haya nakijua, na hiki sicho.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Hayo watayaeleza wanaompenda, nao ni wengi. Mimi nitaeleza mikono yake, mdomo wake na alichonifanyia. Nimeishia darasa la saba na naandika polepole, neno moja nalitazama sana kabla ya kulipita. Lakini sina haraka. Hata kinyongo changu hakina haraka.

Kibanda chake kiko kando ya barabara inayotoka mjini kuelekea Kigwa. Wazee husema ndiyo njia ya wapagazi wa zamani, waliobeba pembe za ndovu kutoka bara mpaka pwani. Fundi aliipenda sana habari hiyo. Mtu akija kulalamika kwamba mchanga umemshinda au mzigo umemwelemea, Fundi hakuanza kwa kuitazama baiskeli.

"Wapagazi walipita hapa hapa," alisema. "Mguu mtupu, pembe begani, mpaka Bagamoyo. Wewe una magurudumu mawili na bado unalia. Ungezaliwa wakati ule wangekuacha hapo njiani, fisi wakushukuru."

Watu walicheka. Mwenye baiskeli naye alicheka, kwa sababu hakuwa na la kufanya.

Alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana, kofia ya kufuma nyeupe kichwani, na mbele amejifunga kipande cha turubai badala ya aproni. Ile kofia sikuwahi kuiona na doa. Mikono nyeusi kwa grisi mpaka kwenye viwiko, kofia nyeupe kama imetoka kufuliwa. Adhuhuri ikikaribia alichota mchanga mkavu, akauchanganya na mafuta ya taa kidogo, akajisugua vidole kimoja kimoja, kisha sabuni, kisha maji mengi. Hapo ndipo akaenda msikitini. Akirudi alikaa kwanza, akanywa kahawa moja, na mikono yake safi akaiweka juu ya magoti kama mgeni. Ukimletea pancha wakati huo alikuambia, "Subiri. Bado ni binadamu."

Kuikagua baiskeli alikuwa na namna yake. Aliinua gurudumu la mbele, akaliachia lidunde chini, akasikiliza. Kisha la nyuma. Kisha akaizungusha pedeli kwa mkono huku amefumba macho. Alikuwa anatibu kwa masikio. Aliweza kukaa ameipa barabara mgongo, amepinda juu ya rimu ya mtu, na bado akawataja wapitao.

"Mwalimu huyo. Cheni kavu kama kinywa cha mfungaji."

Ukigeuka, kweli ni mwalimu.

"Na huyu muuza maziwa. Gololi za nyuma zimeisha, anasaga chuma kwa chuma. Mwacheni, atakuja analia."

Na kweli alikuja.

Baiskeli za wateja hakuzipanda kamwe. Alizijaribu kwa kuzikokota. Alipanda moja tu, ya kwake, nyeusi, ya kizamani, ndefu, yenye siti ya ngozi. Siti ile ilikuwa imebonyea zaidi upande wa kushoto, kwa sababu Fundi ana nyonga mbovu na hukaa upande. Aliipaka mafuta kila Alhamisi. Mara moja muuza kahawa wa pale kibandani alimwomba baiskeli akimbie kuleta sukari. Fundi akamtazama kwa huruma, akampa. Muuza kahawa alirudi ameshika kiuno, anatembea kama bata, baiskeli anaikokota.

"Nilikuambia?" Fundi akasema.

"Hukuniambia kitu!"

"Basi nakuambia sasa. Ngozi hii imenijua mimi. Mwingine akiikalia, inamkataa."

Benchi zima, wale waliokuja kila siku kunywa kahawa na kupiga soga pale kibandani, liliangua kicheko. Mimi nilicheka pia. Siku hizo bado nilikuwa nacheka naye pamoja na wengine wote.

Mema yake nayo niyaseme, nisije nikaitwa mwongo. Watoto wa shule aliwazibia pancha bure, na akawagombeza kwa sauti ili wasijue ni wema. Kulikuwa na kijana wa mtaani kwetu Cheyo ambaye miguu yake haifanyi kazi. Fundi alimtengenezea baiskeli ya magurudumu matatu inayosukumwa kwa mikono, akaifanya kwa vipande alivyokuwa navyo, na wazazi walipoleta kuku wa shukrani aliwarudishia. Mpira wa ndani mbovu hakukuuzia. Aliupulizia kwanza ndani ya maji mbele ya macho yako. Hayo yote ni kweli. Ndiyo maana imenichukua muda mrefu kumchukia vizuri.

Kwa sababu mdomo wake nao ulikuwa kweli. Kila mtu alipewa jina. Mimi nilipewa "Bubu." Siku ya kwanza nilifika nikasema shikamoo kwa sauti ndogo, nikaonyesha gurudumu kwa kidole. Akaitikia marahaba, akasubiri. Sikuongeza. Akaligeukia benchi: "Leo nimepata mteja bora Tabora nzima. Bubu! Hatabishana bei." Kuanzia hapo nikawa Bubu kwake, kisha Bubu kwa benchi, kisha hata wanaouza nyanya ng'ambo ya barabara wakaniita hivyo. Mama yangu alipokwenda kununua nyanya, aliambiwa, "Karibu mama Bubu." Akarudi bila nyanya.

Sasa niseme habari ya baiskeli.

Nilipomaliza darasa la saba jina langu halikuonekana kati ya waliochaguliwa. Mama hakunisema. Alivuna karanga zake, akauza, akaninunulia baiskeli ya gia, ya buluu, mpya kabisa, karatasi za plastiki bado zimezungushwa kwenye mabomba. Akaniambia, "Shule imekukataa. Barabara isikukatae." Mbele ilikuwa na shokapu mbili zinazong'aa. Gia zilikuwa nyingi mpaka nikaona aibu kuzitumia. Dada yangu alipoona mkwaruzo wa kwanza, aliuziba kwa rangi yake ya kucha, nyekundu, akasema sasa imeolewa.

Nilianza kununua kuku wa kienyeji vijijini upande wa Kigwa na kuwaleta mjini, tenga limefungwa kwenye karia. Hapo ndipo nilipoijua ile baiskeli. Ilikuwa nzuri ya kutazamwa. Shokapu zilibonyea kwa uzito wangu na hazikurudi. Gia zilirukaruka zenyewe, katikati ya mchanga, kuku wanapiga kelele nyuma. Rimu zilipinda. Siku moja kwenye kivuko cha reli nilianguka na bomba la juu likagonga chuma, likabonyea pale pale karibu na rangi ya kucha. Kuku wawili walifungua tenga wakakimbilia porini, na wapita njia wakasimama wakishangilia kuku.

Nikaanza kufikiri: niitengeneze hii, kama Fundi alivyokuwa akiniambia, au nitafute nyingine?

Mjini kulikuwa na duka la baiskeli za mtumba, mwenyewe Mhindi aliyezaliwa hapa hapa Tabora, sote tukimwita Bhai. Alikuwa na moja ya gia iliyotoka kwenye kontena, fremu nyepesi, unaiinua kwa vidole. Nilikwenda nikaitazama siku tatu mfululizo. Siku ya tatu Bhai akatoka nje.

"Kijana, wewe unaiposa hiyo baiskeli? Sema basi."

Nikamwambia kwa shida kwamba nina yangu, nafikiri niitengeneze.

Akaizunguka ya kwangu, akaigonga kwa ukucha. "Sikiliza mimi. Hii ni bomba la maji limepakwa rangi. Shokapu hizi ni mapambo. Utaweka rimu nzuri, utaweka breki nzuri, utaweka gia nzuri, ndani yake bado ni bomba la maji. Unaivisha suti ya nini? Uza kwa mtu wa kwenda dukani na kurudi, chukua hii. Nani amekuambia utengeneze?"

"Fundi."

"Fundi wa Isevya?" Akacheka mpaka akashika mlango. "Umemwuliza mganga kama unaumwa!"

Nilirudi kwa Fundi nikiwa na maneno hayo kichwani, na kwa mara ya kwanza nikamwambia kitu kirefu. Alinisikiliza bila mzaha. Nakumbuka hilo, kwamba hakunitania.

"Bhai ni rafiki yangu," akasema, "lakini Bhai anauza. Baiskeli ya kontena wenyewe huko wameichoka, ndiyo maana ikapandishwa meli. Hujui imeanguka wapi, hujui ndani ina nini. Hii yako unaijua maradhi yake yote. Usiinunue baiskeli, baiskeli unayo. Nunua kipande. Anza rimu na tairi, kwa sababu ya mchanga. Halafu breki. Halafu toa hizo shokapu za harusi, tuweke foko ngumu. Gia nyingi hizo hazina kazi, nitakubakishia chache zinazoshika. Polepole. Siku moja utaamka una baiskeli ambayo Bhai hana dukani."

Kisha akasema lile ambalo sijalisahau: "Na itabaki ya mama yako. Haitakufa mikononi mwangu."

Nani angekataa? Mimi nilikuwa nataka hilo tu, baiskeli ya Mama inayoweza kazi. Bhai alikuwa na baiskeli nzuri, lakini ya Mama hakuwa nayo.

Hapa lazima nieleze desturi ya vibanda vya Isevya. Fundi akikubadilishia kifaa, kile cha zamani huendi nacho nyumbani. Kinabaki kibandani. Kinachoingia ni chako, kilichotoka ni cha fundi. Hakuna aliyeuliza kwa nini; ni kama vile makapi yanavyobaki mashineni. Wengine husema ni sehemu ya ujira, wengine husema kifaa kibovu hakitakiwi kurudi kulala na mwenyewe. Ukutani kwa Fundi kulikuwa na misumari, na kila msumari una kitu: rimu, pedeli, cheni, mikono ya breki. Nilikuwa naiona kama kaburi la baiskeli.

Basi tukaanza. Rimu zangu zikapanda msumarini. Kweli mchanga ukawa rahisi. Breki zikapanda. Kweli nikaanza kuteremka bila kuomba dua. Shokapu, usukani, gia, siti. Kila mara aliniambia kipi kinafuata, na kila mara baiskeli ilikuwa bora kuliko jana. Sikudanganywa kwenye breki. Nililibeba tenga kubwa zaidi, nikafika vijiji vya mbali zaidi. Nilimwamini kama mtu anavyoamini daraja alilolivuka sana.

Ikabaki fremu.

Ilikuwa baada ya swala ya alasiri, benchi limejaa, vikombe vya kahawa vinazunguka. Nilileta baiskeli aikaze cheni tu. Fundi akailaza ubavu, akapitisha kidole chini, pale bomba linapokutana na pedeli. Akasimamisha kidole.

"Ufa."

Nikainama. Niliona mstari mweusi wa grisi.

"Unauona?"

Nilitaka kitambaa nifute ile grisi nitazame. Kitambaa kilikuwa begani kwake. Kabla sijakiomba, nikaona benchi zima limeacha kunywa, linanitazama.

"Unauona au huuoni? Siku fremu ikikatikia njiani, meno yako nitayatafuta kwenye mchanga mimi?"

Wakacheka.

"Nauona," nikasema.

"Mmesikia," Fundi akaliambia benchi. "Bubu ameuona."

Alikuwa na fremu nyingine ya kijani, nzito, imara. Akahamishia humo vifaa vyangu vyote vipya. Ile ya buluu akaitundika msumari wa juu kabisa, rangi ya kucha ikinitazama.

Nyumbani Mama alitoka nje na ungo mkononi. "Ya nani hii?"

"Yangu."

"Niliyokununulia mimi iko wapi?"

Nikamweleza habari ya ufa. Akapepeta kidogo, akatulia. "Nenda kailete niuone huo ufa."

Sikwenda. Ningekwenda kusema nini, mbele ya lile benchi?

Msimu wa masika ulipita. Siku moja ya mnada kule Kigwa, nimesimama karibu na reli nafunga tenga, nikasikia mtu anapiga mluzi. Alikuwa Masanja, mnunuzi wa kuku kama mimi, mcheshi, anayeweza kumshawishi mama wa kijijini amuuzie jogoo aliyekuwa amewekewa mgeni. Zamani alikuja kwa miguu au kwa kudandia. Sasa alikuwa amepanda baiskeli ya buluu.

Niliiona kabla hajasimama. Shokapu mbili zinang'aa. Siti yangu. Usukani wangu. Rimu zangu, zimenyooshwa. Bomba la juu limebonyea, na pembeni yake ile rangi nyekundu ya dada yangu.

"Kaka, umeiona?" Masanja akasema, anaipigapiga kama ng'ombe. "Fundi wa Isevya ameniunganishia. Kila kipande kilitoka pale pale ukutani kwake, ati kama vile vilikuwa vinanisubiri mimi. Chuma hiki ni kigumu kama hii reli."

Nikainama, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nikatazama chini, pale bomba linapokutana na pedeli. Pamefutwa, pasafi. Hapakuwa na ufa. Hapakuwa na alama ya kuchomelea. Rangi ya kiwandani ilikuwa nzima.

"Tubadilishane fremu," nikamwambia. Sauti yangu ilitoka vibaya.

Akacheka kwa upole. Masanja si mtu mbaya. "Kaka, hii ndiyo inanilisha. Nitakupaje?"

Na alikuwa amenitangulia vijiji viwili siku hiyo. Kuku niliokuwa nimeahidiwa nilikuta manyoya.

Nilikokota baiskeli ya kijani mpaka Isevya ingawa haikuwa na pancha. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipofika nilisema shikamoo, kisha nikasema, "Masanja anapanda baiskeli ya mama yangu."

Fundi akaweka spana chini.

"Leo Bubu amesema!" akatangaza. "Mwiteni na muuza nyanya asikie."

"Anapanda baiskeli ya mama yangu," nikarudia.

"Kilichotoka ni cha nani?" aliliuliza benchi, si mimi.

"Cha fundi," benchi likajibu, kama darasa.

"Na ule ufa?" nikauliza.

"Ulipona."

Walicheka kwa muda mrefu. Muuza kahawa alicheka mpaka akamwaga. Fundi mwenyewe hakucheka sana. Aliniangalia, kisha akasema kwa sauti ya chini iliyonikata kuliko kicheko, "Masanja alikuja akakaa hapa, akaomba, akaeleza shida yake. Wewe hujawahi kuniomba kitu. Mtu asiyefungua mdomo atapewaje? Nimpe anayesema au nimpe ukuta?"

Mpaka leo naitafuta ile siku niliyompa haki ya kuyasema hayo. Alijua ni ya Mama. Aliniahidi kwa kinywa chake. Alichukua kitu kwa mtu aliye kimya akampa mwenye maneno, kwa sababu mwenye maneno alimfurahisha.

Nilimweleza Mama. Nilidhani ataniambia nimwachie Mungu. Alimaliza kwanza kusuka mkeka upande mmoja.

"Mimi nikikutana naye nitamsalimia, kwa sababu ni mtu mzima," akasema. "Wewe msalimie pia. Lakini usimsamehe. Mtu wa hivyo ukimsamehe atadhani amesahauliwa."

Sikurudi tena pale kibandani. Nilinunua spana zangu, nikajifunza kwa kuharibu. Nilikata cheni, nikapinda spoku, nikapoteza gololi kwenye vumbi na kuzitafuta kwa sumaku. Baadaye majirani wa Cheyo wakaanza kuniletea za kwao barazani. Siwatanii. Siwapi majina. Vifaa vyao vya zamani nilikuwa nawarudishia, nao walinishangaa, wengine wakaviacha palepale kwa mazoea.

Bodaboda zikazidi. Benchi la Fundi likapungua, mmoja mmoja, wengine kwa kufa, wengine kwa kuhamia vijiwe vya vijana. Nikasikia macho yake yameingia ukungu. Nilisikia pia kwamba hawezi tena kunyoosha rimu ila kwa kuigusa. Watu waliniambia habari hizo kwa huzuni, wakitegemea na mimi nihuzunike. Nilinyamaza.

Mwaka huu, siku chache baada ya Idi, alikuja mwenyewe barazani kwangu.

Alikuwa anakokota ile baiskeli nyeusi, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine unapapasa hewa. Kofia yake, kwa mara ya kwanza, ilikuwa na doa. Nadhani hakuliona.

"Hodi hapa."

"Karibu, Fundi. Shikamoo."

"Marahaba." Akageuza kichwa. "Bubu? Ni wewe kumbe! Wameniambia Cheyo kuna kijana mkono wake unasikia. Hawakuniambia ni wewe."

"Ni mimi."

"Alhamdulillahi, basi nimefika nyumbani." Akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa, akanyoosha ile nyonga. "Siti inalia. Springi moja imekatika chini, naisikia. Badili springi tu, mwanangu. Vidole vyangu haviingii tena pale."

Niliilaza baiskeli ubavu. Alikuwa sawa, bila shaka. Springi moja ilikuwa imekatika, kazi ndogo kabisa, na springi ya kufaa nilikuwa nayo kwenye kopo. Ngozi ilikuwa nzima, laini, imepakwa mafuta juzi tu. Nikapitisha kidole chini yake. Nikakisimamisha.

"Imepasuka," nikasema.

"Nini?"

"Ngozi. Ina ufa."

Mama alikuwa ndani, nikasikia sufuria zimeacha kugongana.

"Ngozi hiyo haina ufa," Fundi akasema.

"Unauona au huuoni?"

Uso wake ulibadilika polepole, kama maji yanavyotulia. Akanyoosha mkono kuigusa siti. Nilisogeza baiskeli kidogo, mkono wake ukashika hewa. Akaurudisha, akauweka juu ya goti, na wa pili akauweka juu ya goti lingine, kama alivyokuwa akikaa zamani baada ya swala.

"Mama yako hajambo?" akauliza.

"Hajambo. Yuko ndani anasikia."

Akaitikia kwa kichwa. Nilimngoja aombe. Kama angeomba, sijui ningefanya nini. Nimelifikiria hilo sana na bado sijui. Alikuwa mtu wa maneno maisha yake yote, na pale alihitaji machache tu.

"Basi toa," akasema.

Nikaitoa. Nikamfungia siti ya sponji na plastiki, mpya, ile ile aina inayokuja na baiskeli za gia za bei rahisi. Nikaikaza vizuri. Kazi yangu huwa naifanya vizuri. Sikutaka malipo, nikamwambia hivyo.

Alisimama, akapapasa siti mpya kwa kiganja kizima. Akauliza, nadhani kwa ajili ya desturi tu, "Na ile?"

"Kilichotoka ni cha fundi."

Akacheka kidogo kwa pua. Kisha akaondoka, baiskeli anaikokota. Hakuipanda. Nilimtazama mpaka alipokunja kona, na hakuipanda. Mama alitoka akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Aliniwekea chakula kingi siku hiyo.

Ile siti nimeifunga kwenye baiskeli yangu ya kijani. Inaniumiza. Imebonyea kushoto, na mimi nyonga zangu ni nzima, kwa hiyo nikifika Kigwa nashuka nimepinda kama yule muuza kahawa. Masanja ameniona akaniambia, "Kaka, toa kitu hicho, utazaa mtoto kilema." Sijaitoa. Kila Alhamisi naipaka mafuta.

Springi sijaibadilisha.

Asubuhi nikitoka na tenga tupu napita mbele ya kibanda chake, na hapo huwa napunguza mwendo. Yeye bado hufika, hukaa, ameipa barabara mgongo, rimu ya mtu magotini ingawa kazi haiendelei. Nasema, "Shikamoo, Fundi," kwa sauti inayotosha. Anaitikia marahaba. Kisha nauhamishia uzito wangu wote upande wa kushoto, na siti inalia.

Mikono yake husimama. Hataji jina la mtu.